Baba Atim, Binti Yako Alikwenda Kukutafuta

Mpendwa Baba Atim,

Binti yako alikwenda kukutafuta. Nilitaka nianze kwa kukuuliza hali, kama nilivyozoea kukuuliza ukirudi kazini, lakini mtu aliyekwisha kuzikwa anaulizwa hali gani? Kwa hiyo nakupa habari kama ilivyo. Atim alitoka nyumbani peke yake, akafuata reli kutoka Namuwongo mpaka bandari ya Port Bell akikutafuta, kwa sababu sisi watu wazima tulimwambia kwamba umepotea.

Barua hii naiandika mahali ambapo yeyote anaweza kuisoma. Wapo waliomwona siku ile wakamkimbia. Wapo pia wanaokaa na mtoto kama wetu nyuma ya mlango uliofungwa, na hawajui wamwambie nani. Wasome wote. Ila mazungumzo ni yetu, mimi na wewe.

Unakumbuka ulivyokuja na suruali yako ya sare? Nilikuwa mgeni Kampala, nimetoka Busia upande wa Kenya, nashona kwa cherehani ya kuazima. Ukasema, "Mama, hii suruali iko mrefu, kata yeye." Nilicheka mpaka nikadondosha sindano, nikakuuliza huyo "yeye" ninayetakiwa kumkata ni nani. Wewe mtu wa Lira hukujua neno hata moja la kwetu, nami sikujua la kwenu, na hicho Kiswahili chako cha kambini na changu cha shuleni ndicho kilichotufungisha ndoa. Mtoto alipozaliwa ukamwita Atim, kwa kuwa alizaliwa mbali na nyumbani kwenu.

Akafika umri wa kusema, akawa hasemi. Nikimwita hageuki. Majirani pale kwenye nyumba za polisi Naguru wakaniambia ni kiziwi, nami nikaamini. Wewe ukasimama nyuma yake na funguo za gari la kazini, ukazitikisa kidogo tu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa. Aligeuka mara moja.

"Basi siyo kiziwi," ukasema. "Anasikia vyote. Ni jina tu ndilo hajaona kazi yake."

Daktari alipotutamkia neno usonji nililia njia nzima. Wewe, tulipofika nyumbani, ukavua buti, ukaniuliza, "Asubuhi alikuwa Atim. Saa hii ni nani?" Nilikukasirikia sana. Nilitaka ulie pamoja nami. Sikujua kwamba wewe ulikuwa umeshaanza kumsoma.

Maana hatukuwa na mtu wa kutufundisha, tulifundishwa na yeye. Filimbi ya paredi ilipopigwa asubuhi alikuwa akipiga kichwa ukutani mpaka paji linavimba. Mmoja akasema ni pepo. Mwingine akasema tumemdekeza. Wewe ukapiga magoti mbele yake kabla ya filimbi, ukamwambia, "Atim, filimbi inakuja. Italia. Halafu itanyamaza." Akaziba masikio mapema. Ikalia. Ikanyamaza. Akakutazama usoni, yeye ambaye alikuwa hamtazami mtu, na wewe ukatoka nje haraka ili nisione macho yako.

Tangu hapo ulimwambia kila kitu kabla hakijaja: mvua, sindano, wageni, kukatika kwa umeme. Mimi nikaanza kumshonea nguo zenye mishono upande wa nje, kwa sababu mshono wa ndani ulikuwa ukimchoma kama mwiba. Iliniuma, nakiri. Fundi mzima, na mtoto wake anapita mbele za watu amevaa kama aliyegeuza nguo. Posho, ugali wa huku, tukaiweka kwenye sahani yake na mchuzi kwenye sahani nyingine, visigusane. Akizidiwa na kelele ulimfunika na lile koti lako zito la mvua, ukamkumbatia kwa nguvu, nguvu ambayo mimi niliona itamuumiza, na yeye alikuwa anatulia humo ndani kama aliyefika kwake.

Siku zako za mapumziko mlikwenda Port Bell, nyinyi wawili. Mlisimama kwenye uzio mkitazama mabehewa ya treni yakisukumwa yaingie tumboni mwa meli. Uliniambia alikuwa akiruka na kupunga mikono, na watu wakimshangaa wewe ulipunga pia. Mlirudi mkinuka samaki na jua. Siku hizo alikula vizuri.

Na maneno. Hapo ndipo tulipocheka zaidi. Ukimwambia "shika adabu" alitazama mikono yake, akitafuta iko wapi. Nikisema leo sokoni nimekula hasara, alinifungua mdomo achungulie. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Kisha ukaacha kucheka, ukasema, "Mama Atim, huyu mtoto anachukua neno vile liko. Sisi tumpe neno la kweli tu. La uongo litamuua."

Halafu ukaanguka. Presha, wakasema. Ulitoka asubuhi umenyoosha sare, na mchana nikapigiwa simu nije hospitali, na nilipofika hakukuwa na wa kuzungumza naye tena.

Nyumba ilijaa watu, na kila mtu alikuja na neno lake. Amelala. Ametangulia. Ametutoka. Katika lugha hii yetu, Baba Atim, kuna maneno mengi sana ya kufa, na yote yametengenezwa ili mtu asiseme kufa. Atim alikaa chini ya meza ameziba masikio. Tukadhani hasikii. Mchungaji akasimama, akasema kwa sauti ya kutikisika, "Tumempoteza baba, tumempoteza rafiki," na watu wakaitikia kwa kilio.

Siku ya kukuzika kule Lira, Atim alibaki ndani ya gari, vioo vimepandishwa, na rafiki yako Afande Musa akikaa naye, kwa sababu vilio na ngoma vingemvunja. Kutoka pale dirishani aliona watu wakiondoka na sanduku refu, wakarudi mikono mitupu. Hakuna aliyemweleza. Mimi singeweza kulitoa hilo neno mdomoni hata kwa kujiambia mwenyewe.

Nyumba ya Naguru ilikuwa ya kazi, na mwenye kazi hayupo, kwa hiyo tukaiacha. Nikapata chumba Namuwongo, karibu na reli, chenye kibaraza cha kutosha cherehani. Unaweza kufikiri ilikuwaje kwake. Mlango upande mwingine, ukuta wa rangi nyingine, sauti nyingine, na wewe hupo. Akaanza kujiuma mkono. Yale maneno machache tuliyoyapata kwa jasho yakapotea moja moja, likabaki moja tu ambalo alilirudia tangu anaamka. "Tumempoteza Baba. Tumempoteza Baba." Unajua alivyo, anarudia matangazo ya redio, anarudia mwito wa muuza maandazi. Nikadhani ni hivyo hivyo. Nilikuwa namjibu, "Ndiyo, mwanangu," huku nakanyaga cherehani.

Alikuwa ananiambia kitu ambacho nilipaswa kukielewa. Kilichopotea kwake kinatafutwa.

Siku hiyo alikuwa miguuni pangu anapanga vifungo kwa rangi. Nikaingia ndani kuchukua pasi. Nikatoka. Vifungo vilikuwa vimenyooka mstari, na yeye hayupo.

Nilikimbia upande wa barabara, nikarudi, nikakimbia upande wa reli. Nalongo, jirani yangu, mama wa mapacha, akaacha sufuria motoni akanifuata pekupeku. Watu wakakusanyika haraka, kwa wema, na huo wema ukanichanganya zaidi. Walianza kupiga kelele, "Atim! Atim!" Nikawaomba wanyamaze. Akisikia kelele anajificha, na kwa jina lake hageuki.

"Ana miaka mingapi?" mmoja akaniuliza.

"Kumi na moja."

"Kumi na moja! Si atasema kwao ni wapi?"

"Hasemi hivyo."

"Ni bubu?"

"Siyo bubu."

"Sasa ni nini, nnyabo?"

Nieleze nini, Baba Atim? Mimi ninayemjua tangu tumboni, nimweleze mtu njiani, nikikimbia, mtoto wangu ni nini? Nikasema tu, "Amevaa gauni la njano. Mishono iko nje."

Vijana walishuka kwenye mfereji wa kando ya reli na fito ndefu. Walikuwa wanachoma yale maji meusi, wanachoma, wanasogea, wanachoma tena. Nilisimama pale juu, na nikasikia mwanamke anatoa sauti ambayo sikuijua, mpaka Nalongo aliponishika mabega ndipo nikajua ni mimi. Nilikulaani. Nakwambia kwa sababu ni kweli. Nilisema jina lako na nikakulaani kwa kufa.

Nikampigia Afande Musa. Akasema, "Usirie, Mama Atim. Mimi nakuja saa hii. Uriza watu ya reli."

Muuza mkaa mmoja, anayekaa kando ya reli tangu asubuhi mpaka jioni, akasema amemwona. Binti wa gauni la njano, anakanyaga mataruma ya reli, haruki hata moja. "Alikuwa anaongea peke yake. Tumempoteza Baba, Tumempoteza Baba. Nilifikiri anatoka kwenye matanga."

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilikuwa natafuta mtoto aliyepotea, kumbe mtoto hakupotea hata kidogo. Alikuwa njiani kwenda mahali anapojua kwamba huwa upo.

Nikapanda boda mpaka Port Bell. Nilipofika nikasikia watu kabla sijawaona. Wamejipanga duara, wengine wamepandisha simu juu wanapiga picha. Mwanamke mmoja wa kuuza samaki alikuwa anaomba kwa sauti, amenyoosha mkono, anakemea pepo. Katikati alikuwa Atim, ameshika kola ya mwanamume mwenye sare ya kaki. Alikuwa amemvuta mpaka uso wake uko sawa na wake, akaukagua. Paji, pua, kidevu.

"Si Baba," akasema.

Akamwachia, akamfuata mwingine mwenye sare aliyesimama karibu na geti. Akamshika kola.

"Si Baba."

Kwa yule wa tatu sauti yake ilikuwa imeshakatika.

Yule wa kwanza aliponiona akajua. Shingo yake ilikuwa na mikwaruzo. "Mama, huyu mtoto yako? Mimi sikumpiga. Anakuja anatazama mimi, anasema si baba. Mimi pia nasema si baba. Yeye halii, anatazama tu." Naye alikuwa na machozi, mtu mzima na bunduki begani. Niliwaomba watu wasogee. Hawakusogea, mpaka Afande Musa alipofika na sauti yake ya kuamuru gwaride.

Nilimpeleka Atim pembeni, tukakaa chini kwenye majani karibu na uzio. Sikuwa na koti lako, nikamzungushia mikono yangu, nikabana kwa nguvu zangu zote kama ulivyokuwa ukibana. Nilijua nisiposema hapo, kesho ataondoka tena, na keshokutwa, na kuna siku atatafuta ndani ya maji.

"Atim. Nakwambia neno. Ni baya. Litauma, na mimi nitakaa hapa." Nilimwambia kabla, kama ulivyonifundisha. "Baba hakupotea. Watu walisema vibaya. Baba amekufa."

Akatazama mdomo wangu.

"Kufa ni mwili kuacha kufanya kazi. Baba hapumui. Hatembei. Hali. Hasikii filimbi. Yuko Lira, ndani ya ardhi, ndani ya lile sanduku refu. Harudi."

"Kesho?"

"Kesho harudi."

"Krismasi?"

"Hata Krismasi."

Akaanza kulia. Ulikuwa umewahi kumwona akilia hivyo? Mimi sikuwahi. Nilizoea yowe lake la kuumizwa na kelele, lile la kuumizwa na nguo. Hiki kilikuwa kilio cha mtu, cha mtoto aliyefiwa, na kilikuja kikiwa kimechelewa miezi yote ile. Wale waliosema watoto hawa hawana huzuni, hawajui upendo, ningependa wangekaa nasi pale chini. Afande Musa aligeuza mgongo, akavua kofia. Tulilia mpaka meli ikaondoka, na hakuna aliyeitazama.

Sasa tumerudi chumbani, na ningependa kukuambia kwamba yamekwisha. Hayajaisha, Baba Atim.

Nimechoka mahali ambapo usingizi haufiki. Shule ya karibu walimpokea, baada ya muda mfupi wakaniita, wakasema kwa upole kwamba anawasumbua wenzake. Nimefunga safari kutafuta nyingine, na zile zinazoweza kumpokea ziko mbali nasi kwa kila namna. Ndugu zako wanasema nimpeleke kijijini, kwamba huko kuna nafasi ya kukimbia. Atakimbilia wapi, na nani atamwambia mvua inakuja?

Nalongo alikuja juzi na kamba. Aliiweka mezani, akaikunja vizuri kana kwamba ni zawadi. "Pole bambi, Mama Atim, nisamehe. Mguu mmoja tu. Ndefu, afike mlangoni. Wewe ushone bila kufa moyo." Alikuwa analia wakati anasema. Dada yake mwenyewe alikulia hivyo, akaniambia, na waliompenda ndio waliomfunga. Sikuweza kumgombeza. Kamba nimeiweka juu ya kabati. Kuna siku nikitoka kuangalia mara ya kumi kama yupo, nikirudi macho yangu yanakwenda yenyewe juu ya kabati. Sijaigusa. Nataka ujue kwamba sijaigusa, na nataka ujue kwamba naiona.

Badala yake nafanya ninayoweza. Kila gauni lake nimelishonea nambari yangu ya simu kifuani, kwa nje, kwa uzi mwekundu. Nilimpeleka kwa vijana wa boda, mmoja mmoja, na nikawaambia: huyu ni Atim, akipita peke yake msimkamate, msimpigie kelele, tembeeni naye na mnipigie. Wamekubali. Mmoja tayari alishatembea naye mpaka njia panda akanirudishia, wote wawili wakiwa kimya. Nimemwomba mchungaji, akija kutuombea, aseme kufa. Alisita, kisha akasema. Asubuhi namweleza Atim siku nzima kabla haijaanza, chai, kazi, posho, kuoga, na ninapokosea mpangilio ananisahihisha. Akiwa kando ya cherehani, kiganja chake juu ya meza kikisikia inavyotetema, anaweza kukaa mpaka jua linageuka.

Na ameacha kujiuma. Hilo nakupa, kwa sababu ni lako. Tangu siku ya Port Bell ameacha kujiuma, na amelala. Kumbe ni kutojua ndiko kulikokuwa kunamtafuna.

Lakini amepata swali jipya. Asubuhi kabla sijafumbua macho nasikia kiganja chake mbele ya pua yangu. Anasubiri pumzi. Akiipata anasema, "Mama hajafa."

"Hajafa," najibu.

Ndipo anainuka kunywa chai. Jana hakuinuka. Aliacha mkono palepale, akauliza, "Mama atakufa lini?"

Kwa mtoto mwingine ningesema Mama hafi, lala mwanangu. Mama wote duniani wanausema uongo huo na hakuna anayedhurika. Huyu ningemwambia hivyo, angeushika, na siku nikifa angepita akishika kola za wanawake wote wa Kampala. Na nani atakuwepo siku hiyo, wa kumkalisha chini na kumbana? Nani atajua kwamba mshono unakaa nje? Hili ndilo linalonifanya nikuandikie, maana hakuna mwingine aliyekuwa anaogopa jambo hili pamoja nami. Tulikuwa wawili wa kuogopa. Sasa naogopa peke yangu.

"Sijui," nikamwambia.

Akafikiri. "Leo?"

Baba Atim, hata hilo siwezi kuliahidi. Wewe ulitoka umenyoosha sare. Nikatafuta neno la kweli, dogo, litakalomtosha, na nilipolipata lilikuwa dogo sana.

"Saa hii hapana."

Akalichukua vile lilivyo. Akaondoa mkono, akaenda kupanga vifungo vyake. Mimi nikabaki kitandani nikipumua, kwa sababu hiyo ndiyo kazi niliyo nayo sasa, kupumua ili saa hii iwe hapana, na inayofuata, na inayofuata.

Kwaheri, baba wa mtoto wangu. Sitakuandikia ulale salama, kwa maana hulali. Umekufa. Nakupenda bado.

Mkeo,
Mama Atim